Mamumunye ya Chooni kwa Babu Yangu

Jumatano. Shaabani imeshapita nusu, Ramadhani iko mlangoni.

Tangu alfajiri mbingu imejikunja. Manyunyu yanakuja, yanaondoka, yanarudi tena kama mtu aliyesahau kitu. Kusi linapiga madirisha. Magoti yananiuma kwa baridi, na roho inaniuma zaidi, na hayo ya roho si ya mvua.

Ni wivu.

Naandika wazi kwa sababu nikimwambia mtu yeyote wa mui huu wa Pate, habari itafika Faza kabla sijafunga mdomo. Karatasi haina mdomo. Na hizi herufi alizonifunza marehemu mama pamoja na Kurani zimepinda hivi kwamba mtu akiiokota karatasi atadhani ni hirizi, ataikunja na kuivaa shingoni.

Namwonea wivu mkwe mwenzangu, Bi Zena, mama yake Rukia, mke wa mwanangu Athmani.

Nimeshaandika. Dari haijaniangukia.

Bi Zena ni mtu wa Amu. Kawaida mwanamke huenda kuzaa mtoto wake wa kwanza kwa mamake, lakini tangu Wazungu waanze vita vyao vyombo ni vichache, na mimi nilikataa. Nilisema mkazamwana wangu hapandi chombo na tumbo lile, na Athmani mwenyewe yuko Mvita kwa kazi, hana wa kumsindikiza. Basi mama mtu akaja yeye. Alikuja kwa arubaini. Arubaini ikaisha, yeye hakuisha. Mtoto, Bakari, sasa anashika vitu na kuvitia mdomoni, na nyanya wa Amu bado yuko palepale, kitanda changu cha wageni kimeshika umbo lake.

Kukaa si neno. Nyumba ina nafasi na mimi si mchoyo wa kitanda. Neno ni kwamba anapendwa. Anapita barabarani akicheka na watu ambao mimi nimeishi nao tangu sina meno na wao hawajawahi kucheka nami hivyo. Anamwosha mtoto na mtoto halii. Mimi nikimwosha analia kana kwamba namchuna ngozi. Rukia akiita "mama" tunaitika wote wawili, na kila mara naona ile haya inayompita usoni, ya mtu anayetafuta namna ya kumwambia mzee kwamba si wewe.

Mimi ndiye niliyemlisha Rukia uji wa pilipili manga alipojifungua. Lakini tuyaache.

Nataka kuandika habari za bustani, maana ndiko yalikotokea.

Mchele wa Bara Hindi hauji kama zamani. Ukija hauna bei ya kushikika, Mhindi mwenyewe anaupima kwa kata huku anaomba radhi. Makonde ya bara yamekuwa mwitu. Waliokuwa wakitulimia wameachwa huru, wamekwenda kujilimia, na ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Wanaume wa hapa wanajua tumbaku, na tumbaku hailiwi. Basi mwaka huu, kabla ya mvua, wanawake wa mtaa wetu walikuja kukaa darini kwangu wakilia njaa, na mimi nikawaambia nyamazeni, tutalima wenyewe.

Wapi? wakasema. Nikasema katika nyumba ya babu yangu.

Ile nyumba ni gofu. Boriti ziliangukia ndani nikiwa msichana, tukahama na vyombo vyetu hadi nyumba hii, wala hakuna aliyerudi kuezeka. Lakini kuta zimesimama, za mawe na chokaa, mbuzi hapandi, punda haingii, mlango ni mmoja na unafungwa. Kisima kiko kiwandani, yaani uani katikati ya nyumba, na maji yake ni matamu. Na udongo wa magofu una nguvu, ndiyo sababu wanaume wanapanda tumbaku yao katika kila gofu la Pate. Nikasema kila mwanamke apewe chumba kimoja apande atakacho, maji tuteke kwa zamu, na kitakachovunwa kipelekwe kwanza kwa nyumba ambayo jiko halikuwaka siku hiyo.

Wazo hilo ni langu. Naliandika ili liwe limeandikwa mahali.

Vyumba niligawa mwenyewe, kwa kuwa nyumba ni ya kwetu. Mimi nilichukua msana wa yuu, kile chumba kirefu kilichoinuliwa kidogo, chenye nakshi na vidaka ukutani, ambacho babu alikuwa akikaa na wageni wake wakubwa. Msana wa tini, ule wa chini yake, nikampa Bi Mize, jirani yangu, ambaye ulimi wake ni mrefu lakini anafanya kazi. Wengine nikawapa chumba cha ndani, kiwanda, na daka la mlangoni, kila mtu kwa cheo chake.

Mwisho akabaki Bi Zena. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, leso ameshaifunga kiunoni.

"Na mimi mgeni wenu, mkwe?"

Nikamwambia, "Wewe mkwe kimebaki choo."

Wanawake wakatazama chini. Bi Mize akajifanya anatoa mwiba mguuni. Na mimi nilijua nilichofanya, sitajifanya hapa kwamba sikujua. Chumba cha ndani kilikuwa kikubwa, kingeweza kukatwa nusu. Nilitaka aone.

Bi Zena akasema, "Alhamdulillahi. Choo kina kivuli." Akaingia na jembe lake.

Sasa sikiliza namna Mungu anavyopanga mambo yake. Msana wa yuu wa babu yangu una sakafu. Ile chokaa waliyoipiga watu wa zamani kwa nyimbo siku nyingi, ngumu kama bamba la chuma. Mimi sikuruhusu mtu aiguse, kwamba hapa palikaa watu wakubwa. Nikabeba udongo kwa vikapu kutoka nje, nikautandaza juu yake, nikapanda bamia na mchicha. Nikimwagia maji yanasimama kama birika la msikiti, jua likipiga udongo unapasuka. Mchicha ukatoka mwekundu mwembamba, ukalala. Bamia zangu zimeota kama nywele za mgonjwa.

Chooni hakuna sakafu. Shimo lilijaa udongo zamani, pale pote ni udongo mweusi laini, ukiingiza mkono unapotea. Bi Zena alipanda mbegu za mumunye alizotoka nazo Amu, zimefungwa pembeni mwa leso yake. Mimumunye ile haikuota, ilikimbia. Ilipanda ukuta wa choo, ikavuka, ikaingia kwa Bi Mize, ikamfunika pilipili zake, na Bi Mize badala ya kukasirika akawa anacheka. Maua meupe kila asubuhi. Kisha mamumunye yenyewe, marefu, ya kijani hafifu, yananing'inia kwenye kuta kama watoto waliokatazwa kushuka.

Watu wakawa wanakuja kutazama. Wanasimama mlangoni, wanasema mashallah, wanauliza ya nani haya.

Ya Bi Zena.

Katika nyumba ya babu yangu, Pate, ya Bi Zena wa Amu.

Na ni matamu, hilo ndilo lililonimaliza. Anayapika na tui la nazi na kipande cha papa mkavu, anakamulia ndimu. Nilikula siku ya kwanza kwa sababu nilidhani yatakuwa machungu. Nikala nikakomba sahani. Nusu ya mtaa huu imekula mamumunye hayo mwezi huu wote, pamoja na mkate wa mofa, na watoto wakalala wameshiba. Rukia ndiye aliyekula zaidi, maana ananyonyesha. Alinenepa mikono. Siku moja akamwambia mamake, mimi nimeketi hapo hapo nachambua kunde, "Mama, tangu nianze mumunye lako maziwa yananimwagikia."

Lako.

Nikaondoka na kunde zangu nikaenda kuchambulia jikoni.

Basi Ijumaa iliyopita tulikuwa kisimani, zamu ya kuteka maji. Bi Mize akamsifu Bi Zena mbele yangu kwamba ana mkono wa baraka, kila anachokigusa kinaota. Akatazama bamia zangu, hakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikonichoma. Nikaweka mtungi chini. Nikasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo:

"Lakini mnajua kwamba mnakula vya chooni."

Hilo tu. Sikuongeza.

Nilidhani watacheka kidogo, na Bi Zena apungue kidogo. Sikudhani zaidi ya hapo. Lakini neno lile halikukaa kisimani. Alasiri haijafika, mtu mmoja ameshamwagia mbuzi mchuzi wake. Jioni watoto barabarani wanaimba chooni, chooni. Kesho yake hakuna aliyekuja kuchuma. Wanawake wale wale waliokuwa wanaramba vidole wakawa wanashika matumbo yao.

Bi Mize, ambaye hapendi kukaa na jambo bila kulipeleka mahali, akaenda kumuuliza Mwalimu Shee wa madrasa. Mwalimu akasema kinachoota ni twahara hata kama kimeota penye najisi, kioshwe kiliwe, sharia haina neno. Lakini kinyaa, akasema, si jambo la sharia, hana dawa ya kinyaa. Kama nyoyo zimekataa, basi mwulizeni mwenye nyumba, choo hicho kilikoma kutumika lini, huenda nyoyo zikatulia.

Wakaja kwangu. Wamesimama hapo sebuleni na viatu vyao mkononi. Choo kilikoma lini, Bi Esha?

Mimi ndiye mtu pekee aliye hai aliyelala ndani ya nyumba ile. Na nakumbuka kila kitu. Choo kile hakikuwahi kuwa choo katika maisha yangu. Shimo liliporomoka kabla mimi sijazaliwa, babu akalifukia na akajenga choo kingine nyuma, nje ya ukuta. Pale ndani bibi yangu alifuga kuku. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa humo kuokota mayai. Kulikuwa na jogoo mmoja mweupe aliyekuwa ananidonoa vifundo vya miguu, mpaka leo nikiona jogoo mweupe navuta nguo. Tulikuwa tunaita "chooni" kwa jina tu, kama mtu anayeitwa Mfupi na ni mrefu. Nenda chooni ukatazame mayai. Hivyo ndivyo tulivyosema, na hakuna aliyekunja pua.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni.

Nikawaambia, "Mambo ya zamani hayo. Nitakumbuka vipi mimi, na uzee huu?"

Wakatazamana. Wakavaa viatu wakaenda zao.

Nilipata raha. Sitasema uongo mara mbili kwa jambo moja. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Kisha ikawa Rukia. Hakuambiwa na mtu asile, yeye mwenyewe tu, akiletewa sahani anageuza uso. Mamake akaosha mumunye mara tatu mbele yake, akalipika, akakaa akalila peke yake polepole ili mwanawe aone. Rukia akatapika. Kwingine hakuna cha kumpa. Mofa kavu na maji, samaki mdogo akipatikana, na bahari hii ya kusi haiwapi wavuvi nafasi. Jumapili maziwa yakapungua. Jumatatu Bakari akalia tangu adhuhuri. Jana akalia kutwa nzima, akanyonya akaachia, akanyonya akaachia, akakasirika, akawa mwekundu.

Bi Zena hakunigombeza. Nilikuwa nangoja anigombeze. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mengine makali sana na mazuri. Ningekuwa na pa kumshika. Yeye ananisalimu, ananiuliza magoti yameamkaje, anatwanga mtama. Mtu wa namna hiyo utafanya naye nini?

Jana jioni Bi Mize akapita kunipa habari. Wanawake wamekata shauri. Leo asubuhi wataingia na majembe waing'oe mimumunye yote, ile iliyovuka kwa Bi Mize pia, na choo kizibwe mlango kwa mawe. Wanasema ikibaki hapo watu wataogopa hata mchicha wa vyumba vingine. Nikamwuliza na futari je, Ramadhani hiyo hapo, mtafuturu nini?

"Tutafuturu heshima ya nyumba yako, Bi Esha," akasema, akaenda zake.

Ulimi wa mwanamke yule.

Nilikaa. Nilihesabu nyumba zilizokuwa zinakula kutoka chooni, nikaacha kuhesabu. Nikajiambia nitasema kesho, kisha nikajiambia sitasema, kwamba wao wenyewe ndio wenye kinyaa, mimi sikumshika mtu kinywa. Nikajiambia pia kwamba mamumunye yakienda, Bi Zena hatakuwa na sababu ya kukaa. Hilo la mwisho nalo naliandika. Lilikuwa na utamu wake.

Asubuhi ya leo manyunyu, na Bakari analia. Mamake amelala kwa uchovu, macho yamemwingia ndani. Bi Zena alikuwa anatembea naye huku na huku. Akanijia, akanitia mtoto mikononi.

"Mshike, mkwe. Mimi naenda kuyaaga mamumunye yangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwenda maziarani.

Nikamshika mtoto. Sijui kwa nini kwangu akanyamaza, hajawahi kunyamaza kwangu. Akaweka mdomo begani pangu, hapa penye mfupa, akaanza kunyonya. Bega la kizee, limekauka, na yeye ananyonya kwa bidii yote, na anakoroma kidogo kwa hasira kwa sababu hakuna kitu.

Nikamlaza kwa mamake. Nikajitanda leso nikatoka na mvua hiyo hiyo.

Nilipofika, wanawake wameshajaa kiwandani, majembe mabegani, hakuna anayetaka kuanza. Bi Zena yuko ndani ya choo ameshika mmea mmoja kama anaushika mkono. Nikapita katikati yao. Sikusalimu, na mimi husalimu. Nikaingia chooni, mara yangu ya kwanza tangu utoto, nikachagua mumunye kubwa kuliko yote nikalikata. Nikatoka nalo.

"Nani kawaambia hiki ni choo?"

Wakatazamana. Bi Mize akasema, "Wewe, Bi."

"Nilisema chooni. Ni jina lake. Mimi nilisema kimetumika?"

"Tukakuuliza kilikoma lini ukasema hukumbuki."

"Sasa nakumbuka."

Nikawaambia yote. Shimo, babu alivyolifukia, choo cha nyuma, kuku wa bibi yangu, mayai. Niliwaonyesha ukutani mashimo ya vijiti walivyokuwa wanalalia kuku, yako mpaka leo, mtu angeinua macho angeyaona. Niliwaambia kama kuna mtu ana kinyaa na kuku basi na mayai aache, na mayai yakimshinda aache na biriani za harusi anazozikimbilia hata hajaalikwa. Hapo mmoja akainamisha uso, sitamtaja, anajijua.

Bi Mize akaegemea jembe lake.

"Ijumaa palikuwa choo, leo pamekuwa banda la kuku. Tungoje Ijumaa nyingine labda patakuwa msikiti."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke, nilistahili.

Kisha akanisogelea, akaniuliza chinichini, "Ulikuwa umesahau, Bi Esha, au ulikuwa umekasirika?"

"Kafunue pilipili zako," nikamwambia. Naye akaitika kana kwamba nimemjibu.

Majembe yakashuka. Mmoja akaanza kuchuma, mwingine akachuma, muda si mrefu vikapu vimejaa na wanawake wanasukumana wakisema hili langu, hili nimeliona mimi kwanza. Nikasimama nimeshika mumunye langu moja. Hakuna aliyeniambia ahsante na hakuna aliyenitusi, na sijui lipi lingenipendeza.

Bi Zena akatoka mlangoni mwa choo. Amelowa, ana udongo mpaka viwikoni. Akatazama bamia zangu kule msana wa yuu, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe, chooni kuna nafasi ya wawili. Karibu."

Wanawake wote wakatega masikio. Nami nikasema nini?

"Mimi nikae chooni nawe? Nina msana wa babu yangu."

"Haya," akasema. Akarudi ndani.

Haya. Basi.

Nimerudi nyumbani, nimepika mwenyewe lile mumunye. Sikulipika vizuri kama yeye, tui lilikatika, lakini Rukia nilipomweleza habari za jogoo mweupe alicheka mpaka akashika mbavu, na akala. Alikula, akaomba tena, nikamkwangulia sufuria. Alasiri hii Bakari amelala na tumbo lake liko juu. Mambo hayo yako sawa. Kwa hayo namshukuru Mungu na sina neno.

Lakini lile neno haya ninalo. Nimekaa nalo tangu niingie.

Maana kwetu mtu akikaribishwa mara ya kwanza hukataa. Nani asiyejua? Unakataa, unakaribishwa tena, unakataa kidogo, unasema nimeshakula, unavutwa mkono, ndipo unaingia. Ukiingia kwa mara ya kwanza watasema una njaa. Watu wa Amu wanajua adabu hizo kuliko sisi, wao ndio wanaojisifu nazo. Sasa yeye kwa nini hakurudia? Mara moja tu, kisha haya. Mbele ya watu. Ningevutwa mkono ningeingia. Ningeingia nikinung'unika, lakini ningeingia. Ule udongo mweusi, mimi nilipoukanyaga leo miguu ilizama mpaka vifundoni, na nilitaka kukaa chini palepale kama mtoto. Bamia kwa udongo ule zingefika dirishani.

Na nimeona kitu kingine nilipokuwa nakwangua sufuria, na sikukipenda.

Nyumba ile ni ya nani? Ni ya babu yangu. Mwenyeji ni nani? Ni mimi. Mgeni anamkaribisha mwenyeji, na watu wakaona sawa, na mimi mwenyewe nikaona sawa, nikakaa kungoja arudie. Kwa nini ilibidi yeye ndiye aseme karibu? Nimerudi nyuma tangu siku aliposhuka na furushi lake la nguo. Nilimwambia umefika. Nilimwambia chumba ni kile. Nilimwambia kimebaki choo. Nimetafuta mahali nilipomwambia neno lile lenyewe, hata kwa adabu tu, hata kwa mdomo bila moyo, sikupata.

Wivu haujaondoka, nisije nikaandika ya watu wema. Hivi sasa namsikia uani anamwimbia mtoto, na sauti yake ni nzuri, na inaniudhi.

Kesho baada ya alfajiri nitachukua jembe nitangulie kufika kabla yake. Nitasimama pale mlangoni mwa choo, ndani, si nje, ili akija anikute mimi niko mahali pa mwenyeji. Na nitamwambia, "Karibu, mkwe." Mara mbili, ikibidi mara tatu, nimvute mkono.

Neno likinikwama, nitakohoa tu, na yeye ana akili, ataingia.